Meno ya njano na jino moja la kijivu: nitumie dawa ya nyumbani au niende kwa daktari?

Binti Kibirizi (Kigoma)

Ndugu zangu, assalaam alaykum na habari za kutwa. Naomba ushauri kwa wenye ujuzi na kwa waliopitia jambo hili, maana nimekwishafanya kosa moja na sitaki kuongeza la pili.

Nina miaka 29, ninaishi Mwanga hapa Kigoma, na harusi yangu imepangwa miezi miwili kutoka sasa. Nimezaliwa na kukulia Ujiji, katika nyumba ambayo birika la kahawa chungu halikauki barazani, nami nimeinywa tangu nikiwa msichana mdogo, alfajiri na baada ya alasiri, mbali na chai ya rangi ya kutwa nzima. Meno yangu yamekuwa ya njano, na nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapogusa, kuna kitu kigumu cha kahawia ambacho mswaki haukiondoi. Juu ya hayo, lipo jino moja la mbele, la juu upande wa kulia, ambalo ni la kijivu na halifanani kabisa na wenzake. Hilo nililigonga kwenye ubavu wa mtumbwi pale Kibirizi nikiwa na miaka 12, tulipokuwa tukishindana kupanda. Liliuma siku kadhaa, likatulia, na mwaka uliofuata rangi yake ikaanza kugeuka polepole. Halijauma tena tangu wakati huo.

Wiki tatu zilizopita niliagiza dawa ya kung'arisha meno kwa muuzaji wa mtandaoni. Ilikuja kwa basi, ndani ya kisanduku chenye bomba la sindano lililojaa jeli, kipande cha plastiki cha kuuma mfano wa kile cha mabondia, na kitaa kidogo cha buluu. Hakukuwa na maandishi yoyote ya lugha ninayoisoma, wala asilimia ya dawa, wala jina la mtengenezaji. Muuzaji aliniambia kwa simu nikae nayo nusu saa, nami kwa pupa ya harusi nikakaa nayo saa nzima. Nilipoitoa nilisogea dirishani nikajitazama kwa kamera ya simu: ukingo wote wa fizi za juu ulikuwa umegeuka mweupe, umekunjamana kama ngozi ya kidole kilicholowekwa majini, na unawaka. Weupe ule uliondoka baada ya siku mbili. Hata hivyo, tangu hapo maji ya baridi yananitia ganzi hadi machozi yananitoka, na jino la kijivu limebaki vilevile, tena linaonekana zaidi kwa kuwa jirani zake wamepauka kidogo.

Naomba kuelezwa: je, niendelee na dawa ya nyumbani kwa kipimo kidogo, au njia ya hospitali ndiyo pekee yenye usalama? Na je, jino la kijivu linaweza kung'aa, au nijiandae kulivika kofia, yaani ganda la bandia linalofunika jino lote?

---

Mkazi wa Katubuka (Kigoma)

Dada, pole sana kwa maumivu na hongera kwa harusi. Mimi kwa miaka mingi ninasaga mkaa wa kuni, ninauchanganya na maji ya limau na chumvi kidogo, ninasugulia meno kila Jumamosi. Meno yangu ni meupe na sijawahi kulipa senti hospitalini. Ningekushauri ujaribu njia hii kabla ya kutumia fedha za harusi kwa mambo ya mashine.

---

Tabibu wa Meno (Tabora)

Binti Kibirizi, nimefanya kazi ya kinywa na meno kwa zaidi ya miaka kumi, na maelezo yako yamenifurahisha kwa sababu umetaja rangi mbili tofauti na historia ya kila moja. Wengi wanaokuja kwangu husema tu kwamba wanataka meno meupe. Dawa ya weupe haiwezi kuchaguliwa kabla ya kujua ni kitu gani kilichotia rangi, na kinywani mwako naona vitu vitatu, kila kimoja na tiba yake. Nitaandika kwa kirefu, naomba univumilie.

Lakini kwanza niseme neno kwa ndugu yangu wa Katubuka, kwa heshima, kwa kuwa ushauri wake ni wa nia njema na watu wengi wanaufuata. Jino limevikwa ganda gumu liitwalo enameli, ambalo hata pale lilipo nene kuliko kwingine halizidi milimita mbili na nusu. Ganda hilo halina chembe hai za kulitengeneza upya, hivyo kinachosuguliwa kikaondoka kimeondoka moja kwa moja. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili yake ni ya njano. Maji ya limau yana tindikali kali, kiasi cha pH 2 na kitu (pH ni kipimo cha tindikali, na namba ikishuka ukali huzidi), ilhali enameli huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Kwa hiyo limau hulainisha ganda, kisha chembechembe za mkaa hulikwangua likiwa limelainika. Mwanzoni meno huonekana meupe kweli, kwa sababu madoa ya juu yamekwanguliwa, lakini miaka inavyokwenda ganda hupungua, dentini huanza kuonekana, na mtu huzidi kuwa na meno ya njano huku akizidi kusugua. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo wakiwa na umri wa miaka 40 na meno yaliyochongoka karibu na fizi. Ndugu yangu, ukiacha leo, kilichobaki kitakufaa.

Sasa nirudi kwako, dada. Kitu kigumu kilichoko nyuma ya meno ya chini ni ugaga. Ni utando wa kawaida wa kinywa uliogandishwa na madini ya mate, ndiyo maana hukaa hasa pale karibu na matundu ya mate chini ya ulimi. Ugaga ukishikwa na kahawa na chai huwa wa kahawia, na hakuna jeli inayouondoa. Huondolewa kwa kusafishwa na mtaalamu, kwa mashine inayotetema au kwa vyuma vya mkono, kisha meno hung'arishwa kwa brashi na dawa laini. Huduma hiyo inapatikana katika kliniki za meno za mikoani, na kwa uzoefu wangu mtu mnywa kahawa akishasafishwa, mara nyingi nusu ya kilio chake cha rangi huishia hapo hapo kwenye kiti. Wapo ambao baada ya kujitazama kwenye kioo hawakutaka tena kitu kingine.

Unjano unaobaki baada ya kusafishwa ndio ulio ndani ya ganda lenyewe, na huo ndio unaotibiwa kwa dawa ya kung'arisha. Dawa za kuaminika zinatokana na haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo hugawanyika na kuitoa hiyo ya kwanza. Hupenya ndani ya enameli na kuvunja molekuli zenye rangi zikawa ndogo na zisizo na rangi. Haikwangui chochote, na hapo ndipo inapotofautiana na mkaa. Nguvu yake hutegemea kipimo. Kliniki hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40, ikipakwa kwa awamu za takriban robo saa, huku fizi zikiwa zimefunikwa kwa kinga maalumu inayogandishwa juu yake. Kwa nyumbani, dawa iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko zote ni kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo ni sawa na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Hiyo huwekwa tone dogo kwa kila jino ndani ya trei iliyotengenezwa kwa kipimo cha kinywa chako mwenyewe na kuvaliwa usiku kwa wiki mbili au zaidi. Njia hii iliandikwa rasmi katika majarida ya udaktari wa meno mwaka 1989, na hadi leo ndiyo ninayoipendelea. Matokeo yake ya mwisho hayapitwi na ya kliniki. Kliniki inaizidi kwa haraka tu.

Kwa hiyo utaona kwamba swali la nyumbani au hospitali si swali lenyewe hasa. Dawa ya nyumbani iliyopimwa, ndani ya trei iliyokuenea, chini ya mtaalamu aliyekuchunguza kwanza, ni salama. Jeli isiyo na asilimia, ndani ya plastiki inayofaa kila mdomo na kwa hiyo isiyoufaa mdomo wowote, ndiyo iliyokuunguza: ilivuja ikalala juu ya fizi kwa saa nzima. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2011, uliamua kwamba bidhaa yenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 isiuzwe moja kwa moja kwa mtumiaji, bali ianzishwe na daktari wa meno, na isitumiwe kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Hapa kwetu, tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa na vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kisanduku kisicho na jina la mtengenezaji hakina wa kuulizwa. Kuhusu kile kitaa cha buluu, usikihuzunikie. Hata kliniki zenye taa kubwa hazijaonyesha tofauti inayodumu kati ya jeli yenye taa na jeli peke yake.

Ganzi uliyo nayo ni ya kawaida baada ya peroksaidi nyingi, lakini wiki tatu ni muda mrefu. Acha jeli kabisa. Tumia dawa ya meno ya ganzi, ile yenye potasiamu nitrati, na unapolala ipake kidogo kwa kidole kwenye meno yanayochoma bila kusukutua. Ikiwa jino moja linachoma kuliko mengine, huenda lina tundu au ufa, na hilo lazima lionwe kabla ya kitu chochote, kwa kuwa peroksaidi ikiingia kwenye tundu maumivu yake si ya mzaha.

La tatu ni jino la kijivu, na hili ndilo linalonifanya nikuombe uende kliniki wiki hii hii bila kungoja. Jino likigongwa, mshipa na damu iliyo ndani yake huweza kufa kimya kimya. Damu huvuja ndani ya vijirija vya dentini, na madini yake ya chuma huacha rangi ya kijivu au ya kahawia. Kutouma hakumaanishi uzima; jino lililokufa haliwezi kuhisi baridi, ilhali kwenye ncha ya mzizi usaha unaweza kujikusanya kwa miaka. Waombe walipime kwa baridi na walipige picha ya eksirei. Likithibitika kuwa limekufa, litatibiwa mzizi, yaani kilichokufa ndani kitaondolewa na nafasi yake kuzibwa, kisha dawa ya kung'arisha huwekwa ndani ya jino lenyewe, kupitia tundu dogo la nyuma, likazibwa kwa muda na kubadilishwa kila baada ya siku chache hadi rangi ilingane. Mara nyingi ziara mbili hadi nne hutosha. Usikubali kulichonga kwa ajili ya kofia kabla ya kujaribu hilo, kwa sababu jino lililochongwa halirudi.

---

Mwana wa Arumeru (Kasulu)

Namshukuru tabibu kwa maelezo. Ninaongeza la kwangu kwa sababu kuna rangi ya nne ambayo hakuigusa, na kwa sisi tuliotoka upande wa Mlima Meru ndiyo inayotusumbua maisha yote.

Nilizaliwa na kukulia Arumeru, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Hata magadi yanayotiwa kwenye maharage huko huongeza floraidi tumboni mwa mtoto. Meno yetu yaliota yakiwa na mabaka ya kahawia na sehemu nyeupe kama chaki. Nilipohamia Kasulu kufundisha, wanafunzi wa hapa, ambao wengi wana meno safi, waliniuliza kama navuta sigara. Nilijifunza kufundisha nikiwa nimeelekea ubaoni, na kucheka nikiwa nimefunika mdomo kwa mkono wenye chaki.

Nilisugua kwa kila kitu: mkaa, majivu, mchanga laini wa mtoni. Doa halikutoka, kwa sababu halikuwa juu ya jino. Lilijengwa pamoja na jino nikiwa bado mtoto wa chini ya miaka minane. Baadaye daktari mmoja jijini Dar es Salaam alinisugua meno ya mbele kwa tindikali hafifu iliyochanganywa na unga wa jiwe la pumisi, kidogo kidogo, akikausha na kutazama, akirudia, meno mengine yakiwa yamezibwa kwa mpira. Mabaka ya kahawia yalififia sana siku ile ile. Kisha nilivaa trei usiku kwa wiki kadhaa. Alinionya mapema kwamba siku za mwanzo madoa meupe yataonekana zaidi kabla ya jino lote kuyafikia, na ilikuwa hivyo hasa. Kama asingenionya ningeacha wiki ya kwanza. Meno yangu hayakuwa kama ya msanii wa runinga. Yamekuwa ya rangi moja, na hilo ndilo nililokuwa ninalitaka.

Naomba msomaji yeyote mwenye meno kama yangu asielewe kwamba tindikali hiyo inaweza kutumiwa nyumbani. Daktari alihesabu sekunde.

---

Mzee wa Barazani (Ujiji)

Wanangu, nimesoma yote haya na nimefaidika. Nina maswali mawili kwa tabibu. Je, mswaki wa mti, ambao sisi tumeusiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, unang'arisha meno au unasafisha tu? Na je, binti huyu akishamaliza matibabu, atalazimika kuiacha kahawa? Maana kahawa yenyewe inalimwa hapa hapa mkoani kwetu, huko Kalinzi na Matyazo, na sioni namna mtu wa Ujiji atakavyokaa barazani na maji matupu mkononi.

---

Tabibu wa Meno (Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Mswaki wa mti unasafisha, na unasafisha vizuri ukitafunwa hadi nyuzi zilainike na ukapitishwa taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Huondoa utando na madoa ya juu kabla hayajakomaa. Haubadilishi rangi iliyo ndani ya ganda. Ukikauka na kuwa mgumu, ukate ncha na uanze upya, kwani nyuzi kavu huchimba fizi.

Kahawa haitaachwa milele. Wakati wa wiki za trei, na siku chache baada yake, ningemshauri aipunguze, pamoja na chai ya rangi nzito na mchuzi wenye manjano mengi. Baada ya hapo anywe, kisha asukutue kwa maji matupu kila anapomaliza kikombe. Rangi hurudi kidogo kidogo kwa miaka, na kwa aliye na trei yake mwenyewe, usiku mbili tatu kwa mwaka humtosha. Tumbaku ni jambo jingine: kwa mvutaji au mtafunaji wa ugoro, kung'arisha meno bila kuacha ni kupaka chokaa ukuta unaovuja.

Niliyasahau mambo mawili. Dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kofia wala ya sehemu iliyozibwa. Mwenye jino la mbele lililozibwa ang'arishe kwanza, asubiri wiki mbili hivi, ndipo azibe upya kwa rangi mpya. Na mjamzito au anayenyonyesha angoje, kwa sababu urembo unaweza kungoja.

---

Binti Kibirizi (Kigoma)

Ndugu zangu, ni wiki ya sita tangu niandike, na nimeona ni haki kuwaeleza yaliyotokea.

Nilikwenda kliniki kesho yake. Jino la kijivu lilipowekewa pamba ya baridi sikuhisi chochote, ilhali jirani yake niliruka. Eksirei ilionyesha kivuli cheusi cha mviringo kwenye ncha ya mzizi, ukubwa wa punje ya dengu. Daktari alinionyesha kwa kalamu, akaniambia kimekaa pale miaka mingi. Miaka 17 nilikuwa nikisema jino langu ni zima kwa kuwa haliumi. Nilitibiwa mzizi kwa ziara mbili, nikasafishwa ugaga, na huo unjano nilioulalamikia ulipungua kiasi kwamba dada yangu aliniuliza kama nimeshaanza ile dawa nyingine.

Ganzi iliisha wiki ya pili ya kupaka dawa ya meno niliyoelekezwa. Ndipo daktari akaniweka karibu na dirisha, akaleta kipimo chenye vipande 16 vya meno ya bandia vilivyopangwa kwa rangi, akavisogeza kimoja kimoja mdomoni mwangu mpaka kimoja kikapotea kabisa kati ya meno yangu. Aliandika A3.5 kwenye kadi, ambalo ni jina la rangi ya kipande kile. Jino lililokufa halikuwa na mwenzake katika kipimo kile. Limewekewa dawa ndani mara tatu, na kila baada ya siku tano nilipokuwa nikijitazama asubuhi nililikuta limepanda rangi, hadi safari hii ya tatu mama alipotakiwa kulionyesha akaonyesha jino lingine.

Trei imetengenezwa hapa hapa mjini, kwa kuuma ute wa waridi ulioganda kama uji wa jana. Naivaa usiku wa kumi leo. Nilipopimwa juzi, kipande kilichopotea mdomoni kilikuwa A2, ambacho ni cheupe zaidi. Jeli ya kisanduku kile nimeipeleka kliniki waitupe wao.

Mzee wangu wa barazani, kahawa nimeiacha kwa sasa, lakini nimemwambia bwana harusi kwamba birika la nyumbani litakwenda nami.